Ukindu unaota ukungu, bustani inanishinda: niache kipi vuli hii?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Bagamoyo, mwenye umri wa miaka 67, anayesuka ukili, yaani utepe wa ukindu (majani ya mkindu) unaoshonwa kuwa mkeka, ameniandikia hivi:

"Bibi shamba, habari za siku. Tangu nistaafu nasuka ukili kwa kupenda tu, siuzi. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mita kumi kwa tano. Miezi ya kiangazi mambo yanakwenda. Vuli ikiingia, kila kitu kinaharibika kwa pamoja: ukindu niliopaka rangi unaota ukungu ndani ya mfuko, mkeka nilioshona unaachia, mchicha unakufa ungali mdogo, nyanya zinanyauka, na mimi mwenyewe vidole na magoti vinakaza asubuhi. Watoto wananiambia niache kimoja. Niache kipi? Halafu kuna mkindu bondeni nyuma ya kwetu. Naweza kuukata sasa?"

Shikamoo Mwalimu. Nakuamkia kwa sababu umenizidi miaka sita, na kwa sababu mtu aliyefundisha darasa la kwanza ningemwamkia hata kama ni mdogo wangu.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: usiache chochote ila nyanya. Hizo ziache. Hivyo vingine havigombani. Umevigombanisha wewe kwa kuvipanga kana kwamba bado ni kiangazi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na karibu kila kilichokuharibikia kimeharibika kwa sababu moja: Oktoba na Novemba unafanya kazi za Agosti. Unachemsha rangi, unaanika, unashona. Vuli haikuwekwa kwa ajili ya kuanika, Mwalimu. Vuli ni wakati wa kusuka.

Chukua chane moja ya ukindu, yaani kipande kimoja chembamba kilichochanwa kwenye jani, mchana wa Februari, saa nane, kaskazi inavuma, uikunje katikati. Itaalika kama kijiti cha kiberiti. Ichukue hiyohiyo asubuhi ya Novemba, mvua imenyesha usiku, uikunje tena. Italala kwenye kidole chako kama uzi. Jani ni lilelile. Kilichobadilika ni maji yaliyomo hewani, kwa maana jani la mkindu, hata likikaa darini miaka mitatu, haliachi kunywa unyevu na kuutoa. Likinywa hulainika na kuvimba kidogo, likikauka hukakamaa na kusinyaa. Mama zetu hawakuwa na haja ya kulieleza hili, lakini ndiyo maana kiangazi walisuka alfajiri na magharibi, na chane zao walizifunika kwa kitambaa kibichi. Vuli inakufanyia kazi hiyo bure, mchana kutwa.

Sasa angalia mkeka wako unaoachia. Ulisuka ukili chane zikiwa zimevimba, halafu ukashona wiki ileile. Januari hewa ikakauka, kila chane ikasinyaa upana wa unywele. Unywele mmoja si kitu, lakini katika mkeka zimo chane mamia. Ukaona mianya, uzi wa kushonea ukabaki umelegea, ukadhani umesahau kusuka. Hukusahau. Ulishona mapema.

Kwa hiyo kalenda yangu ni hii, na nimeifuata tangu nilipoacha kazi ya serikali. Kukata, kuchemsha, kuanika na kupaka rangi nafanya Julai mpaka Septemba, wakati wa kipupwe na mwanzo wa demani, jua likiwa la kutosha na mvua chache. Vuli nasuka ukili tu. Sishoni hata mshono mmoja. Ukili nauzungusha mizingo mikubwa, siubani, nautundika ndani kwenye kamba mahali penye upepo. Kaskazi ikishika, Januari hivi, ukili umeshakauka na kusinyaa kadiri utakavyosinyaa. Hapo naupitia mkononi pima kwa pima, navuta chane zilizolegea, nausugua kwa chupa tupu ili ulale, ndipo natoa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na kuanza kushona. Mkeka wa namna hiyo hauachii.

Utaniuliza miezi mitatu ya kusuka tu si mingi. Tupige hesabu, wewe ni mwalimu. Mkeka wa mita mbili kwa sentimita 120 una eneo la mita za mraba 2.4. Ukili wa vidole vitatu una upana wa sentimita 5 hivi. Gawanya: unahitaji mita 48 za ukili. Pima moja ni mikono minne, kama mita 1.8, kwa hiyo ni pima 27, weka 30 kwa ajili ya ncha na makosa. Ukianza katikati ya Oktoba na kumaliza mwisho wa Desemba una wiki kumi. Pima tatu kwa wiki. Hata mtu mwenye vidole vinavyouma anaziweza pima tatu kwa wiki bila kuvunja sala wala usingizi wa mchana. Ukisuka zaidi ya hapo ni tamaa, na tamaa ndiyo inayotuumiza viungo.

Unyevu nao una kipimo. Nimeona watu wanaloweka chane kwenye ndoo usiku kucha kama wanaloweka mbaazi. Hizo zitachuja rangi na zitaanza kunuka. Kipimo changu ni kidole: chane ikunjike bila kulia, na ukiiachia kidole kisibaki na maji. Siku nyingi za vuli inatosha kuacha fungu la siku hiyo karibu na dirisha usiku. Siku ya jua kali lifunge kwa kitambaa kilichokamuliwa, nusu saa, basi. Nyeupe peke yake, nyekundu peke yake.

Kuhusu ukungu. Mfuko wa plastiki ndio mchawi wako. Mchana hewa ya mfukoni inapata joto na kubeba unyevu wa jani, usiku inapoa, unyevu unageuka matone na kulirudia jani. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kushona msala wa kumpa mpwa wangu arusini, nikaumaliza Novemba, nikaukunja vizuri, nikautia kwenye mfuko mpya unaong'aa na kuufungia sandukuni. Arusi ilikuwa Januari. Nilipoufungua mbele ya wakwe ulikuwa na madoa meusi kama chui, na harufu ya kisima. Shangazi mtu mzima, bibi shamba mzima. Nilisema nimesahau zawadi nyumbani.

Tumia kitambaa: foronya ya zamani, kipande cha shuka, kanga iliyochakaa. Kitambaa kinapumua. Tundika juu, mbali na sakafu na ukuta unaolowa. Wazee waliweka ukindu darini juu ya jiko pamoja na mbegu za mahindi, na moshi ulifukuza wadudu na kukausha hewa. Njia hiyo bado ni nzuri kwa ukindu wa rangi nzito, ila mweupe utageuka manjano. Mimi natia na konzi ya karafuu ndani ya foronya, angalau unanukia. Na kila jua linapotoka, hata la saa mbili, mafungu yote yatoke nje yapigwe upepo. Meupe juani, ya rangi kivulini, maana jua linalokausha ndilo linalopausha.

Yale yaliyokwisha kuota ukungu usiyatupe bado. Yatoe nje kabisa, jifunge kitambaa puani, hasa kama una pumu, maana vumbi la kuvu likiingia kifuani halina adabu. Pangusa kwa brashi kavu ya nguo. Kisha kitambaa chenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza kwenye chane moja kuona kama rangi inahama. Anika mpaka pakauke kabisa. Ule ukungu mweupe kama unga utatoka. Madoa meusi hayatatoka, yameingia ndani ya jani. Chane hizo zipake rangi ya kiza msimu ujao au zisukie vikapu vya sokoni. Tafadhali usitumie ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Inakula rangi, na jani linabaki limekatika-katika.

Hujaniuliza juu ya rangi kuchuja, lakini naisikia kwenye barua yako. Rangi za unga za dukani, ukishachemsha, zinahitaji kuoshwa kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, si mpaka wewe uchoke. Pangusa chane kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikibaki cheupe, tayari. Kama una hamu ya rangi za kale, mizizi ya mdaa hutoa nyeusi, na mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya machungwa inayokaribia nyekundu. Manjano ya jikoni ni mazuri siku ya kwanza na yanakimbia jua siku ya kumi. Nayapenda hivyohivyo, lakini si kwa mkeka wa sebuleni.

Basi tuje bustanini, ambako ndiko nilikokula mshahara.

Mwanangu wa kike yuko Ujerumani. Huko nako wana msimu tunaouita vuli, karibu miezi ileile, lakini kwao ni kufunga bustani: majani yanapukutika, watu wanang'oa, wanafunika udongo, wanaingia ndani na sufu zao mpaka Machi. Huniambia, "Mama, na wewe pumzika, ni vuli." Namwambia kwetu vuli ndiyo mlango unafunguliwa. Ila amenifunza jambo moja: wao hawaoni haya kuacha sehemu ya bustani ilale. Sisi tukiona udongo mtupu tunaona uvivu.

Wewe una mita 50 za mraba. Gawa matuta sita ya upana wa mita moja, marefu mita tano, na njia ya nusu mita kati yake. Upana wa mita moja ni kwa sababu ya mkono wako: unafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga wala kujinyoosha. Itabaki mita moja na nusu pembeni kwa ajili ya lundo la mboji. Halafu vuli hii panda matuta manne tu. Mawili yafunike kwa nyasi kavu na yapumzike. Magoti yako yatakushukuru kabla ya udongo.

Inua matuta kiasi cha shubiri moja. Hili kwa vuli si mapambo. Mchicha wako unaokufa ungali mdogo, kama shina linalegea pale linapogusana na udongo na mche unalala kama umekatwa kwa uzi, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Ni kuvu wa udongoni, na anapenda vitu vitatu ambavyo nadhani umempa vyote: mbegu zilizobanana, udongo unaotuama maji, na samadi mbichi. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga, mkono hauwezi kuipima. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na konzi mbili tatu za mchanga mkavu, ndipo umwage kwenye mistari iliyoachana shubiri moja. Samadi iwe imeoza mpaka haina joto ukiishika na haitoi harufu ya zizi. Mwagilia asubuhi, si jioni, na siku ya mvua usimwagilie kabisa. Nimeshaona mtu akimwagilia na mwavuli mkononi, kwa kuwa ndiyo ratiba yake.

Mchicha utaung'oa baada ya wiki tatu mpaka nne. Usipande tuta zima siku moja. Panda nusu, baada ya wiki mbili nusu nyingine, vinginevyo utagawa mchicha mtaa mzima na wiki inayofuata utakwenda kununua.

Tuta la pili liwe la bamia. Mbegu ziloweke usiku mmoja, ziachane mkono mmoja na ushee kati ya mistari na shubiri moja na nusu ndani ya mstari. Baada ya miezi miwili hivi utaanza kuchuma, na hapo uchume kila baada ya siku mbili bila kukosa. Bamia iliyokomaa ni ngumu kama kamba, na ikiachwa mtini mmea unadhani umemaliza kazi. Vaa glavu, mikono ya msukaji haifai kuwashwa.

Tuta la tatu ni kunde, kwa majani kwanza na kwa punje baadaye. La nne, ambalo kwa umri wetu naliweka mbele ya yote, ni matembele. Vipande vya shina vya urefu wa shubiri moja na nusu, chomeka vikiwa vimelala, theluthi mbili ndani ya udongo. Mwezi mmoja unaanza kukata, na unakata miezi. Hayana kitalu, hayaoni aibu ya magugu, mvua ikizidi yanavumilia, ikikatika yanavumilia. Sijawahi kumwona mzee aliyeumwa mgongo kwa ajili ya matembele.

Nyanya je? Pwani yetu, udongo ukiwa na joto na maji kwa wakati mmoja, kuna mnyauko wa bakteria. Mmea wa kijani kibichi asubuhi, mchana umelegea, siku ya tatu umekwisha, na majani hayakupata hata nafasi ya kugeuka manjano. Kata shina karibu na chini, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na usiliguse: ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ndio huo. Hauna dawa ya kunyunyiza, na bakteria hukaa udongoni miaka. Ng'oa, choma, usitupe kwenye mboji. Na pale mahali usiweke biringanya, pilipili wala nyanya chungu, maana hizo zote ni ukoo mmoja. Bamia, kunde, mchicha na matembele hazimo katika ukoo huo. Nyanya nunua sokoni, au subiri kipupwe uzijaribu ndani ya ndoo zenye udongo wa mahali pengine.

Na vuli yenyewe haiaminiki. Ya mwaka 2019 na ya 2023 zilitumwagia mvua kuliko tulivyoomba; bahari ya upande wetu ikipata joto kuliko kawaida, mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi. Miaka mingine inanyesha mara nne na kuaga. Kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua, na Pwani yako imo, pamoja na Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Usikilize. Wakisema juu ya wastani, inua matuta zaidi na chimba mfereji. Wakisema chini ya wastani, ongeza matembele na matandazo. Mabaki ya ukindu mweupe, yale makapi na ncha unazokata, ni matandazo mazuri kabisa. Ya rangi usiweke. Na yale marefu yasiyofaa kusukia yanafungia mimea kwenye vijiti vizuri kuliko kamba ya plastiki, kwa kuwa hayachani shina.

Siku yenyewe naipangaje? Sina ratiba ya ukutani. Baada ya sala ya alfajiri nachovya mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kama kumi, nafungua na kufunga vidole. Usiicheke kazi hii, ndiyo inayoamua kama siku itakuwa nzuri. Kisha nakwenda bustanini kabla ya saa moja, naokota konokono, nang'oa magugu udongo ukiwa laini, nachuma mboga ya mchana. Saa mbili natoka, nimalize nisimalize. Mwili wa miaka yetu una saa moja nzuri ya kuinama kwa siku. Ya pili unaikopa, na riba yake unailipa usiku. Mvua ikiwa imenyesha naanza na ukili na bustani naisahau mpaka jioni. Jua likiwa limetoka kwanza natoa mafungu nje. Kwa maneno mengine mbingu ndiyo msimamizi, mimi kibarua.

Kusuka nasuka barazani saa nne mpaka adhuhuri, na tena alasiri majirani wanapokuja. Mgongo naegemeza ukutani, mto nyuma ya kiuno, na sikai miguu imenyooka tena kama zamani. Nina kibago cha chini na ukili naubana kwenye msumari wa mlango badala ya kidole gumba cha mguu. Kila nikimaliza mkono mmoja wa ukili nasimama, nazunguka uwanja, narudi. Macho nayo: chane nyeupe zisukie juu ya kanga nyeusi uliyoitandika mapajani, za kiza juu ya nyeupe. Nilihangaika na miwani miaka miwili kabla ya kugundua kwamba tatizo lilikuwa kanga.

Vidole vinavyokaza asubuhi na kulegea baada ya nusu saa, hiyo nimeizoea na nadhani na wewe utaizoea. Lakini vikivimba, vikiwa vyekundu na vya moto, au vikichukua saa nzima na zaidi kulegea kila siku, usiite baridi yabisi ukanyamaza. Nenda hospitali, dawa zipo. Maji bebea kwenye dumu la lita tano, mawili, moja kila mkono, si ndoo ya ishirini kichwani. Piga goti juu ya gunia lililokunjwa. Na kwa kuwa unashika samadi na udongo ukiwa na vidole vilivyochanika kwa ukindu, waulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Wengi wetu tulichanjwa mara ya mwisho tukiwa wajawazito.

Sufuria la rangi, vifuu vya nazi, sahani za chungu: vyote vipindue baada ya kila mvua. Mbu wa dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama kiasi cha kikombe, na anauma mchana, saa zetu za barazani. Dar es Salaam waliuguza dengue mwaka 2014 na tena 2019, na Bagamoyo si mbali. Maji ya rangi usiyamwage bustanini wala karibu na kisima.

Mwisho mkindu wako wa bondeni. Kwanza uliza bonde ni la nani. Huenda kuna mtu anayekata hapo tangu hujahamia. Ukiruhusiwa, ndiyo, unaweza kukata sasa, lakini kidogo, kwa ajili ya kujifunza tu, maana kuukausha vuli utapata shida. Tafuta shina lenye majani mengi. Katikati utaona jani changa ambalo halijafunguka, limesimama kama mkuki. Hilo ndilo jeupe, ndilo tunalotaka. Chukua moja kwa shina, ukikata juu ya pale linapochomoza, na usichimbe kwenda chini kufuata weupe. Huko chini ndiko kwenye moyo, na shina la mkindu lina moyo mmoja tu. Ukiukata halichipui tena, ingawa mashina mengine ya kichaka yataendelea. Shina ulilokata liache, urudi Julai uone limeleta majani mangapi. Miiba iko sehemu ya chini ya kuti, ni mirefu, inachoma hata kupitia ndala, kwa hiyo vaa viatu vya mvua na mtume mjukuu akatangulie na fimbo, nyasi za bondeni wakati huu zina wenyewe, nyoka.